Kura za diwani wako: namna ya kuzitafuta, kuzisoma na kuziweka kwenye jedwali

Kura ya diwani ni jibu, na jibu halina maana mpaka ulijue swali. Aliyesema "ndiyo" huenda alikuwa anauzika mradi, na aliyesema "hapana" huenda alikuwa anadai uwe mkubwa zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii si kuhesabu kura. Ni kujua, kila mara, diwani aliulizwa nini. Kwa diwani mmoja na kipindi cha mwaka mmoja, tenga jioni nne au tano ikiwa baraza lake huandika majina ya wapiga kura. Kama haliandiki na itabidi usikilize rekodi, zidisha mara tatu.

Hatua ya 1: Weka mipaka kabla ya kuona kura hata moja

Baraza la jiji kubwa huamua mamia ya mambo kwa mwaka, na mengi ni pongezi, majina ya mitaa na malipo madogo ambayo hakuna anayeyabishia. Usijaribu kuyabeba yote. Chagua maeneo matatu hadi matano: bajeti na tozo, mabadiliko ya matumizi ya ardhi, zabuni kubwa, makazi, usafiri. Ongeza moja ambalo wengi husahau, yaani kura zinazowahusu madiwani wenyewe: posho zao, maadili yao, mipaka ya kata zao.

Andika pia tarehe ya kuanzia na ya kumalizia, na kiwango cha chini cha fedha kwa zabuni utakazozihesabu. Yaandike haya kwenye karatasi ya kwanza ya jedwali, na tarehe ya siku hiyo. Ukianza kwa kuzisoma kura ndipo uchague maeneo, utaokota zile zinazothibitisha ulichokuwa unakiamini tayari, na diwani atakayekuja kujitetea ataligundua hilo kabla yako.

Hatua ya 2: Soma kanuni za kudumu za baraza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayowaumbua watu baadaye. Huna haja ya kusoma kitabu kizima. Tafuta majibu matano: akidi (idadi ya chini ya madiwani ili kikao kiwe halali) ni wangapi, hoja hupita kwa wingi gani, ikitokea sare inakuwaje, nani anaweza kudai kura iandikwe kwa majina, na diwani aliyekaa kimya huhesabiwa vipi.

Swali la mwisho lina majibu yanayopingana kabisa. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kura ikiandikwa kwa majina, diwani aliyemo ukumbini na mwenye haki ya kupiga kura akakaa kimya huhesabiwa kuwa amepinga. Los Angeles ni kinyume: mfumo wa kompyuta wa baraza la madiwani 15 umejulikana kwa kumwandikia "ndiyo" kila aliyehudhuria asipobonyeza "hapana". Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wenyewe huangukia upande gani, kanuni ndizo zinazoamua. Mtu anayelinganisha madiwani wa miji hii miwili bila kulijua hilo atasema mmoja ni mkaidi na mwingine ni bendera fuata upepo, ilhali wote wawili walikuwa wameinamia simu zao.

Sare nayo ina mambo yake. Kwenye mabaraza mengi sare huiangusha hoja. England, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 humpa mwenyekiti kura ya pili ya kuamua. Ukimfuatilia mwenyekiti huko, kura yake ya pili iwekee mstari wake, usiichanganye na ya kwanza.

Kuhusu wingi, nusu na moja haitoshi kwa kila jambo. Chicago ina madiwani 50. Kura 26 hupitisha mambo ya kawaida, lakini kuivuka kura ya turufu ya meya kunahitaji 34. Hoja iliyopata 30 ikaanguka si kosa la uchapaji.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi zote tano za kila kikao

Kwa kila kikao unahitaji ajenda, ripoti ya maofisa iliyoambatana nayo, maandishi ya marekebisho yaliyoletwa, muhtasari uliothibitishwa, na rekodi ya video au sauti. Anayefanya kazi na muhtasari peke yake anaona jibu bila swali.

Ajenda pakua mapema, kwa sababu baadhi ya mabaraza huibadilisha palepale bila kuacha ile ya awali. California hudai ajenda ya kikao cha kawaida itangazwe saa 72 kabla. England ni siku tano kamili za kazi, bila kuhesabu siku ya tangazo wala siku ya kikao. Hifadhi nakala siku inapotoka, kisha nyingine asubuhi ya kikao, uzilinganishe.

Muhtasari una hali mbili: rasimu, na uliothibitishwa kwenye kikao kinachofuata. Jedwali lako litegemee uliothibitishwa. Ukilazimika kutumia rasimu, itie alama, kisha urudi mwezi unaofuata kuangalia kama kuna kilichosahihishwa. Masahihisho yenyewe huandikwa kwenye muhtasari wa kikao kilichofuata, ukurasa wa kwanza au wa pili, mahali ambapo hakuna anayesoma.

Mahali pa kutafuta panategemea jiji. Toronto ni mfano mzuri: hutoa data ya kura kwa jedwali la kupakua, kila mstari ukiwa diwani mmoja kwenye hoja moja, na aina ya hoja imeandikwa. Miji mingi ya Marekani hutumia mfumo uitwao Legistar, na mabaraza mengi ya Uingereza hutumia ModernGov. Kwenye mifumo hii tafuta ukurasa wa diwani mwenyewe, si ukurasa wa kikao tu. Baraza lisilo na chochote mtandaoni lina karani, na karani ana faili.

Karani akisita, andika ombi rasmi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari huipa ofisi siku 21 za kujibu. Ya Uingereza ya mwaka 2000 huipa siku 20 za kazi. Ombi zuri ni fupi na limebana. Usiombe "taarifa zote kuhusu kura za diwani fulani". Hilo hujibiwa kwamba taarifa hiyo haipo, na ni kweli, kwa kuwa hakuna ofisa aliyewahi kuiandaa. Omba nyaraka ambazo lazima ziwepo:

"Naomba nakala za muhtasari uliothibitishwa wa vikao vya baraza zima na vya kamati ya mipango miji kuanzia tarehe 1 Januari hadi tarehe 30 Juni, pamoja na karatasi za kura ya majina kwa vikao hivyo, na rekodi za sauti pale ambapo hakukuwa na kura ya majina. Nakala za kielektroniki zinatosha."

Hatua ya 4: Pale ambapo majina hayakuandikwa

Kura nyingi za mabaraza hupigwa kwa sauti. Mwenyekiti huuliza wanaokubali, huuliza wanaopinga, kisha hutangaza wa ndiyo wameshinda. Muhtasari utasema "hoja ilipitishwa" na basi. Hapo usimwandikie diwani "ndiyo" eti kwa kuwa alikuwepo. Mwandikie "haijulikani", hata kama unadhani unajua.

Kuna njia za kupunguza hizo "haijulikani". Video huonyesha mikono iliyoinuliwa, ila kamera mara nyingi humfuata mwenyekiti. Tazama sekunde kumi kabla ya kura na kumi baada yake, kwa sababu madiwani waliopinga huguna, husimama au huomba pingamizi lao liandikwe. England kila diwani ana haki ya kutaka muhtasari uonyeshe yeye mwenyewe alivyopiga, na tangu 2014 majina ni lazima yaandikwe kwenye kura za bajeti na kodi ya baraza (kodi ya makazi ambayo baraza hutoza). Mwaka huo huo California nayo ilianza kudai kura ya kila mjumbe aliyehudhuria itangazwe hadharani. Kwa hiyo kwenye sehemu kama hizo, kutoandikwa kwa majina ni jambo la kuuliza, si la kuvumilia.

Kuna mtego mwingine wa upande wa pili: majina yapo, lakini hakuna aliyeitwa. Chicago hutumia sana utaratibu wa kuchukua orodha ya kura iliyopita yenye ndiyo nyingi na kuibandika kwenye jambo jipya. Kwa maandishi inaonekana madiwani 50 wameitwa mmojammoja. Ukweli ni kwamba kura moja ya saa nne asubuhi imenakiliwa hadi saa nane mchana. Diwani aliyeondoka saa sita bado yumo kwenye orodha. Kura za namna hii zitie alama yake.

Kadhalika mambo yanayopitishwa kwa mkupuo. Ajenda huwa na sehemu ambayo mambo ishirini au arobaini hupita kwa kura moja bila mjadala. Diwani anaweza kulitoa jambo moja kwenye mkupuo ili lijadiliwe peke yake, na kitendo hicho cha kulitoa kina uzito kuliko kura yenyewe, kiandike. Zabuni kubwa iliyofichwa namba 31 kwenye mkupuo, ikapita bila mtu kuigusa, nayo ni habari.

Hatua ya 5: Jedwali lenyewe

Lahajedwali ya kawaida inatosha. Safu ziwe hizi: tarehe, namba ya jambo kwenye ajenda, hoja kwa maneno yake halisi, aina ya hoja, kura ya diwani, matokeo kwa namba, msimamo, chanzo na ukurasa au dakika ya video, maelezo.

Kwa safu ya kura tumia herufi, na usiongeze nyingine katikati ya kazi: N ni ndiyo, H ni hapana, J ni amejizuia, M ni amejitoa kwa mgongano wa maslahi, T ni hayupo, X ni haijulikani. Kura ya mkupuo iwe N-mk, ya kunakiliwa iwe N-nk. J, M na T ni vitu vitatu tofauti. Aliyejitoa kwa sababu kampuni ya mkewe inaomba zabuni ametimiza wajibu. Ukimjumlisha na watoro utamwonea. Data nyingi za mtandaoni huviweka vyote kwenye kapu moja la "hayupo", kwa hiyo ni lazima urudi kwenye muhtasari kusoma matamko ya maslahi, ambayo huandikwa mwanzoni mwa kikao.

Hoja inakiliwe neno kwa neno. Ukiifupisha kwa maneno yako, umeshaanza kutafsiri, na tafsiri ina safu yake.

Hatua ya 6: Kugeuza kura kuwa msimamo

Hapa ndipo penye kazi. Safu ya "msimamo" hujibu swali moja: je, kura hii ililisogeza mbele jambo lenyewe, au ililirudisha nyuma? Mara nyingi haifanani na safu ya kura.

Anza na hoja zilizopinduka. Maofisa wanapendekeza ombi la kujenga ghorofa likataliwe. Hoja mezani ni "kukubali pendekezo la maofisa". N hapo ni kulikataa ghorofa. Tafuta maneno "kataa", "futa" na "sitisha" kwenye ripoti kabla ya kujaza chochote. Neno jingine la hadhari ni "kupokea". Toronto, baraza "likipokea" ripoti, maana yake limeiweka kabatini: hakuna kitakachofanyika. Aliyepiga N ameliua jambo kwa upole, na gazeti litaandika kwamba ripoti imepokelewa, kana kwamba ni heri.

Halafu marekebisho. Chukua mfano huu: hoja kuu inataka njia maalumu ya mabasi ya kilomita 6. Linaletwa rekebisho la kuipunguza iwe kilomita 2. Rekebisho linapita, kisha hoja iliyorekebishwa inapigiwa kura na kupita. Madiwani wawili walipiga hivi:

Diwani wa kwanza: rekebisho H, hoja kuu H.
Diwani wa pili: rekebisho N, hoja kuu N.

Anayeangalia kura ya mwisho tu atasema wa pili ni rafiki wa mabasi na wa kwanza ni adui. Lakini wa pili ndiye aliyekata kilomita 4. Wa kwanza alizitetea zote 6. H yake ya mwisho huenda ni hasira ya kuona mradi umekatwa mguu, au huenda hakuutaka tangu mwanzo na alipinga rekebisho kwa kutumaini kwamba hoja nzito itaanguka yenyewe. Kipi ni kipi? Fungua video, sikiliza alichosema kabla ya rekebisho. Akiwa hakusema kitu, kwenye msimamo andika "haueleweki" na uendelee. Safu hiyo ikiwa na "haueleweki" kadhaa ni dalili njema. Isiyo nayo hata moja imejazwa kwa kubahatisha.

Kuahirisha na kurudisha kwenye kamati ni kura za kweli, ingawa huvaa nguo za utaratibu. Hesabu mara ngapi jambo moja limeahirishwa na nani alileta hoja hiyo kila mara. Mara moja ni kawaida. Mara ya tatu, hasa ikiwa tarehe mpya inaangukia baada ya mwisho wa mwaka wa fedha au baada ya uchaguzi, msimamo uandikwe "amerudisha nyuma".

Mwisho kuna kura ya kinyonga. Katika kanuni za Robert za kuendesha mikutano, zilizoanza kuchapishwa Marekani mwaka 1876 na ambazo mabaraza mengi huko yanazitumia, anayeruhusiwa kuomba jambo lifikiriwe upya ni yule aliyepiga kura upande ulioshinda. Kwa hiyo diwani anayeona anashindwa hubadilisha kura dakika ya mwisho, akajiunga na washindi, ili kikao kijacho alirudishe jambo mezani. Ukiona N ya ajabu kutoka kwa mpinzani mkubwa, angalia ajenda ya kikao kilichofuata kabla ya kusema amegeuka.

Hatua ya 7: Kamati

Jambo lililofika baraza zima mara nyingi limeshaamuliwa. Ugomvi, marekebisho na kura za karibu vilikuwa kwenye kamati, mbele ya watu kumi na viti vitupu. Kama diwani wako yumo kwenye kamati ya ardhi au ya fedha, kura zake za huko zina thamani kuliko za ukumbi mkubwa.

Zingatia pia desturi isiyoandikwa. Chicago madiwani wamezoea kumfuata mwenye kata katika mambo ya ardhi ya kata yake. Mahali penye desturi hiyo, kura ya diwani juu ya kiwanja kilicho kata nyingine haikuambii sana anaamini nini. Tenganisha: ardhi ya kata yake kwenye jedwali moja, ya wengine kwenye jingine.

Hatua ya 8: Hesabu

Hesabu inayopendwa kuliko zote ni "anakubaliana na meya kwa asilimia fulani", na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Tuseme diwani amepiga kura 240. Kati ya hizo 214 zilikuwa za kauli moja, 26 zilikuwa na mgawanyiko. Kwenye hizo 26 alikuwa upande wa meya mara 11. Ukijumlisha zote, amekubaliana naye mara 225 kati ya 240, karibu asilimia 94. Ukiziacha za kauli moja, ni 11 kati ya 26, asilimia 42. Takwimu ya kwanza inapima jinsi baraza linavyopitisha pongezi. Ya pili ndiyo inayompima diwani. Toa ya pili, na useme umeziacha ngapi.

Mahudhurio nayo yapimwe kwa kura, si kwa kikao tu. Diwani huyohuyo anaweza kuwa amesaini vikao 38 kati ya 40, lakini katika kura 35 zenye mgawanyiko hakuwepo kwenye 9. Ametoka nje wakati mambo yanapochacha. Linganisha orodha ya mwanzo wa kikao na ya wakati wa kura, uangalie kama aliondoka kabla ya jambo moja na kurudi mara baada yake. Mara mbili haitoshi kusema kitu. Kwenye mada moja, mara tano kati ya sita, inatosha kuuliza.

Asilimia isiyotokana na angalau kura 20 usiiandike. Sema "mara 4 kati ya 6".

Hatua ya 9: Hakiki, kisha mpelekee diwani

Mtu wa pili achukue mistari 20 bila mpangilio, afungue vyanzo, na ajaze safu ya kura na ya msimamo bila kuona ulichojaza. Mkitofautiana kwenye safu ya kura hata mara moja, rudia jedwali zima. Hapo kuna kosa la kunakili, na makosa hayo hayaji peke yake. Tofauti kwenye msimamo zijadilini, na msipokubaliana mwandike "haueleweki".

Kisha mtumie diwani mistari yenyewe pamoja na vyanzo, bila hitimisho lako, na mpe siku 7. Muulize mambo mawili tu: ni mstari upi haulingani na muhtasari, na ni upi anataka kuuongezea maelezo. Akisema kura imenakiliwa vibaya na karani, mwambie alete ombi la kusahihisha muhtasari. Mpaka lisahihishwe, mstari ubaki kama muhtasari ulivyo na maelezo yake yakae kwenye safu ya mwisho, kwa maneno yake. Asipojibu, andika kwamba alitumiwa tarehe fulani na hakujibu.

Toleo utakalolitoa kwa watu lipe namba na tarehe. Ukisahihisha mstari baadaye, usiufute: uache, uandike chini yake ulichobadilisha na siku uliyobadilisha.